Ukuta Uliovaa Mpesheni

Katika mtaa ule hakuna mtoto aliyewahi kulimaliza pindo la Bi Pindo. Mzazi akileta kitambaa cha sare ya shule, fundi huyo wa cherehani alimpima mtoto mabega na kiuno, kisha akaitazama miguu yake kwa muda, ndipo akachukua mkasi. Sketi ilitoka ikiwa na pindo nene kama kitabu. Mwaka ukipita, mama wa mtoto alifumua kidogo, akapiga pasi, sketi ikashuka. Mwaka uliofuata akafumua tena. Kuna binti mmoja aliyevaa sketi ile ile mpaka ikachakaa makalioni, na pindo bado lilikuwepo. Jina alilopewa fundi huyo na wazazi wake likasahaulika kabisa, na hata mumewe, akitaka kumchokoza, alimwita Bi Pindo kama watu wengine.

Mume naye alikuwa na lake. Alikuwa fundi uashi, na tangu ujana alitembea na timazi mfukoni, kile kipande kizito cha shaba kinachoning'inizwa kwa uzi ili kuonyesha kama ukuta umenyooka. Msibani alikuwa nacho, harusini alikuwa nacho. Akikaribishwa nyumbani kwa mtu, kabla hajakaa alikuwa ameshaiona kona iliyopinda. "Chai ilikuwa nzuri," angesema akiaga, "ila fundi wenu mwambieni awe analala mapema." Wakamwita Mzee Timazi hata kabla hajawa mzee.

Waliishi kwenye nyumba ambayo mume aliijenga mwenyewe, siku ambazo mafundi wenzake walipumzika. Ilikuwa na chumba cha mbele kilichotazama barabara, ambamo cherehani ilikaa karibu na dirisha na wateja wakaingia na kutoka, jiko jembamba, na chumba cha kulala upande wa nyuma, upande jua linapotua. Ukuta wa nyuma wa chumba hicho ndio Mzee Timazi aliojivunia kuliko yote aliyowahi kujenga. Alipiga lipu yake peke yake kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kushuka kula, kwa sababu lipu ikikatishwa katikati huacha alama pale ilipoungwa, na yeye hakutaka alama. Bi Pindo, wakati huo bi arusi wa juzi juzi, alimshikia sahani ya chakula chini ya ngazi mpaka kikapoa.

"Shuka basi, mume wangu. Utakula nini, saruji?"

"Kuungaunga ni kazi yako wewe wa vitambaa," alijibiwa kutoka juu. "Mimi nikianza namaliza."

Ukuta huo huo ndio uliokuja kumtesa uzeeni.

Moyo wake ulianza kuchoka muda mfupi baada ya kuacha kazi ya kupanda majukwaa. Daktari alisema dawa atameza, chumvi atapunguza, na kila mchana ajilaze mahali penye ubaridi, maana joto kali linaufanyisha moyo wake kazi ya mioyo miwili. Hapo penye ubaridi ndipo palipokosekana. Jua likishavuka paa lilishukia ukuta wa nyuma na kukaa hapo mpaka lizame. Ukuta ulilinywa joto taratibu, na saa zile zile mgonjwa alizotakiwa kulala ndizo ulizolitema ndani. Feni waliyoiweka ilichukua joto la kona hii na kulipeleka kona ile. Wakajaribu kumlaza kwenye kochi chumba cha mbele. Huko alisikia habari za wateja wote: nani kaachwa, nani kachumbiwa, gauni la nani halifungi tena na kwa sababu gani. Baada ya siku chache aliubeba mto wake, akarudi nyuma.

"Bora niungue," alisema. "Kule presha inanipanda kwa mambo yasiyonihusu."

Walikuwa na kitinda mimba, binti aliyesomea uhasibu na kuolewa katika mji mwingine. Yeye ndiye aliyepiga simu.

"Mama, nimeongea na daktari. Joto likianza nakuja kumchukua baba. Kwetu ni ghorofani, kuna upepo mpaka mapazia yanapaa. Watoto nitawabana kidogo, apate kitanda."

"Na mimi?" Bi Pindo aliuliza akicheka, ili lisikike kama swali la utani.

Binti hakucheka. "Mama, ningependa mje wote. Lakini unajua tulivyo humu ndani, tunapishana kwa zamu. Na cherehani yako utamwachia nani? Ni mpaka joto lipite tu."

"Joto la huku linachukua karibu nusu ya mwaka, mwanangu."

"Najua, mama."

Bi Pindo hakumlaumu. Angekuwa yeye ndiye binti, angesema vile vile. Lakini alipokata simu alibaki ameishika mapajani kwa muda mrefu, sindano imekwama katikati ya kola ya mtu. Tangu aolewe, alilala mbali na mumewe nyakati za uzazi na za misiba tu. Tangu moyo wa mumewe uanze kuchoka, alikuwa amejifunza kulala huku sikio moja likiwa macho, likiisikiliza pumzi yake ilivyopanda na kushuka. Huko ghorofani nani angeisikiliza? Na yeye, akiwa peke yake kitandani, angelalaje bila kuisikia?

Wazo la mmea lilimjia kwa bahati tu. Alikuwa amepeleka mapazia kwa mteja mmoja, jua la mchana likiwaka, na alipokuwa akisubiri mlango ufunguliwe aliegemea ukuta uliofunikwa na majani. Ukuta ulikuwa wa baridi. Alitoa mkono, akaurudisha tena. Ulikuwa wa baridi kama mtungi.

Jioni alimweleza mumewe huku akimpakulia mboga isiyo na chumvi.

Mzee Timazi aliweka kijiko chini. "Mmea? Kwenye ukuta wangu?"

"Kidogo tu, upande wa nyuma, pale..."

"Mama, sikiliza. Maisha yangu yote nimeitwa kurekebisha kuta za watu. Kila ukuta niliokuta unalia maji, yeye nilimkuta amekaa juu yake, amependeza, kijani mpaka kwenye vigae. Unamvuta, anakuja na lipu mkononi. Ana mizizi midogo inaingia kwenye ufa usioweza kupitisha hata ukucha, halafu inanenepa humo humo ndani. Ufa unakuwa mlango. Akifika juu anainua mfereji wa paa, maji yanageuka yanateremka ndani ya nyumba. Huyo si mmea, ni mwizi asiye na haraka."

"Basi ndiyo uende ghorofani ukapepewe na mapazia."

Bi Pindo alijuta kulisema, akalainisha sauti.

"Baba, nguo nzuri haigandi mwilini. Nikikushonea shati linalokubana kila mahali, litaloa jasho, litaoza makwapani, na wewe utawashwa. Shati zuri linakaa mabegani tu, kwingine hewa inapita. Nataka kuushonea ukuta wako nguo ya namna hiyo. Kivuli ukipate, lakini usiguswe."

"Ukuta hauna mabega."

"Nitautengenezea."

Mzee Timazi alirudi kwenye chakula chake. Alipomaliza, alinyoosha kiganja chake kilichojaa sugu za saruji, akakisimamisha wima mezani.

"Mkono huu," alisema. "Upite nyuma ya mmea wako, juu mpaka chini, bila kujikwaruza. Siku ukikwama nang'oa, hata kama una maua. Na tundu hata moja usitoboe. Ukuta ule haujawahi kutobolewa."

Ni kweli haukuwahi. Hata kalenda ilitundikwa jikoni.

Kesho yake Bi Pindo alienda kwa muuza miche, mama mmoja mnene mwenye buti za plastiki, aliyekaa katikati ya makopo yake ya miche akimwagia maji hata miguu ya wateja.

"Unataka wa kung'ang'ania au wa kujisokota?" muuza miche aliuliza.

"Kuna tofauti gani?"

"Loo, kubwa! Wa kung'ang'ania ana vinyayo vidogo vidogo, ananata ukutani mwenyewe, hahitaji kitu. Unampenda kwa sababu hakusumbui. Ila siku ukitaka kuachana naye, anaondoka na ngozi ya ukuta." Akamwaga maji, akaongeza, "Kama mume wangu wa kwanza."

"Na wa kujisokota?"

"Huyo anatoa vikono vyembamba, anatafuta kitu cha kushika, uzi, waya, fito. Ukuta mtupu hauwezi, unamteleza. Ukimpa pa kushika anakaa hapo hapo ulipompa. Chukua mpesheni huu, una mbio, na matunda utakula. Ila usiupande miguuni mwa ukuta. Sogeza mbali na msingi, ili ukiumwagilia maji yasinyweshe nyumba."

Bi Pindo alirudi na miche yake ndani ya kikapu, chini ya vitambaa, kama mtu anayeingiza mtoto wa paka nyumbani.

Kwa kuwa kutoboa kulikatazwa, jirani yao seremala alichimbia nguzo ardhini, akatengeneza fremu pana ya mbao mbele ya ukuta, na Bi Pindo akavuta waya kutoka upande hadi upande, akiacha nafasi sawasawa kama anayepanga vifungo. Ilipendeza. Kisha ikanyesha mvua moja kubwa. Ardhi ya pale ilikuwa kifusi kilichobaki wakati wa ujenzi; ikalainika, nguzo zikainama, na asubuhi fremu ilikuwa imeulalia ukuta kama mlevi aliyeegemea duka.

Mzee Timazi alitoka na fimbo yake. Alitoa timazi mfukoni, akaining'iniza, akaitazama. Haikuwa na haja, hata kipofu angeona. Bi Pindo alisimama nyuma yake akisubiri neno "ng'oa." Miche ilikuwa midogo bado, majani yake yanang'aa maji ya mvua.

Alisimama hapo mpaka uzi ukaacha kuyumba.

"Muite seremala," alisema hatimaye. "Aje na drili."

"Drili ya nini?"

"Ya kutobolea, mama. Au wewe unashonea drili siku hizi?"

Bi Pindo alijua neno hilo limemgharimu nini, akaona vyema aende haraka kabla mwenyewe hajalisikia vizuri.

Seremala alipofika, Mzee Timazi alikuwa ameshaketi kwenye kiti karibu na ukuta, kiganja kikitembea juu ya lipu. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea. "Hapa toboa, ni tofali zima. Hapa hapana, hapa matofali mawili yamekutana, kiungo kitamomonyoka. Njoo huku. Hapa."

"Mzee, unaonaje ndani ya lipu?" seremala aliuliza.

"Wewe mkeo ukimgusa gizani hujui bega lilipo?"

Seremala alicheka mpaka ikabidi azime drili. Bi Pindo, aliyekuwa ameshika ngazi, aliangalia pembeni kama msichana.

Kwenye kila tundu waliingiza skrubu ndefu, na juu ya skrubu wakavisha kipande cha bomba la plastiki chenye upana wa kiganja cha Mzee Timazi, ili fremu isimame umbali huo kutoka ukutani. Hayo ndiyo yakawa mabega. Ukingo wa kila tundu ulizibwa ili mvua isipate pa kuingilia. Upande wa chini Bi Pindo alitaka bawaba, na upande wa juu ndoano.

"Iwe kama gauni," alieleza. "Ukuta ukitaka rangi, tunafungua vishikizo vya juu, tunaulaza mmea mbele taratibu, tunapaka, tunafunga tena. Si lazima umkate mtu nguo ndiyo umwogeshe."

Mumewe alitingisha kichwa kukubali, kwa namna ambayo mwashi humtingishia mwashi mwenzake.

Mpesheni ulikuwa na mbio kweli. Kila asubuhi Mzee Timazi alizunguka nyuma na fimbo yake, akapitisha mkono kati ya majani na lipu, kuanzia pale alipoweza kufika juu mpaka magotini.

"Leo vipi?" Bi Pindo aliuliza kutoka dirishani.

"Umepita."

Mwanzoni alilisema kama askari. Baadaye akaanza kukaa huko zaidi ya ilivyohitajika. Tawi lililojaribu kuelekea kwenye mfereji wa paa alilikata kwa mkasi uliofungwa kwenye ufito, akilikemea kwa upole, "Huko juu si kwenu." Alipougusia mmea hakusema tena mwizi, alisema mgeni. "Mgeni kanywa maji?" "Mgeni jana katoa ua, umeliona?" Bi Pindo alijifanya hajasikia mabadiliko hayo, maana mumewe akigunduliwa amependa kitu, huona aibu.

Yeye kazi yake ilikuwa kufunga. Mashina machanga yalipoyumba na upepo, aliyaelekeza kwenye waya na kuyafunga kwa uzi wa nailoni wa kushonea mabegi, uzi ambao mtu mzima hawezi kuukata kwa meno. Aliyafunga kama alivyofunga kila kitu maishani mwake: mizunguko ya karibu karibu, fundo, fundo tena, mkia ukatwe. Uzi ulizama ndani ya majani ukawa hauonekani. Mishono mizuri haionekani, na yeye alifurahi.

Majani yalikuwa yameshafika nusu ya pili ya ukuta, na siku za joto zinakaribia, ndipo sehemu ya juu ilipoanza kugeuka manjano.

Alidhani ni kiu. Akaongeza maji. Mzee Timazi akalalamika kwamba msingi utaloa. Akapunguza maji, akaweka mbolea ya samadi. Majani ya juu yalizidi kupauka, kisha yakaanza kudondoka, na kila yalipodondoka waya ulionekana nyuma yake, na nyuma ya waya, ukuta mweupe unaowaka. Binti akapiga simu kusema amepata likizo wiki ijayo, aandaliwe nguo za baba. Bi Pindo akamwambia sawa. Baada ya hapo alishona mkono wa shati la mteja mahali pa kola, akalifumua, akalishona tena vibaya.

Mzee Timazi ndiye aliyegundua. Asubuhi ile mkono wake ulikuwa nyuma ya majani kama kawaida, na badala ya kusema umepita, alinyamaza.

"Umekwama?" Bi Pindo aliita.

"Njoo hapa. Uje na kile kijisu chako cha kufumulia."

Alikwenda mbio. Mumewe aliuchukua mkono wake, akauingiza nyuma ya majani pamoja na wake, akakiweka kidole cha mkewe kwenye shina. Shina lilikuwa limenenepa juu na chini, na katikati palikuwa na bonde jembamba, kama kidole cha mtu aliyevaa pete ya ujana wake. Ndani ya bonde hilo kulikuwa na uzi wa nailoni.

Bi Pindo alipapasa jingine. Uzi. Jingine tena. Uzi.

"Bi Pindo," mumewe alisema, na sauti yake ilianza kutetemeka, mkewe asijue ni kwa nini mpaka alipogeuka akamwona anacheka. "Bi Pindo wewe! Watoto wa mtaa mzima umewaachia pindo mpaka wanaolewa nalo. Huyu wako mwenyewe umemshonea nguo ya mtoto mchanga, ukamwambia asikue!"

Alicheka mpaka akalazimika kushika fremu. Bi Pindo hakuweza kucheka. Alikaa chini pale pale kwenye majani makavu, akajifunika uso kwa upande wa kanga yake.

"Nimekupeleka ghorofani kwa mkono wangu," alisema ndani ya kitambaa. "Mimi mwenyewe."

Kicheko cha mzee kiliisha. Alijishusha taratibu, kwa fimbo na kwa kuugulia, mpaka akakaa karibu naye, jambo ambalo daktari alimkataza, kwa kuwa kuinuka kwake kulikuwa shughuli. Maneno ya kubembeleza hakuwahi kuyajua. Alichukua kijisu kutoka mkononi mwake, akaanza na shina lililokuwa karibu, akakata uzi mmoja, akauvuta polepole ili usichune.

"Hili la chini lina uhai," alisema. "Kamata hapo."

Walifumua asubuhi nzima. Mashina yaliyokuwa yamekatwa na uzi mpaka ndani hayakuokoka, wakayaondoa. Nusu ya juu ya fremu ikabaki uchi. Ya chini waliyafunga upya kwa vipande vya fulana kuukuu, laini, vinavyovutika, vikizungushwa mara moja kwenye waya na mara moja kwenye shina kwa umbo la namba nane, na katika kila kitanzi Mzee Timazi aliingiza kidole chake kwanza kabla ya kuruhusu fundo. "Akue," alisema. "Hapa akue na hapa akue."

Binti alifika siku ya jua kali, na begi tupu kwa ajili ya nguo za baba. Alisalimia, akala, akacheka na baba yake, kisha akaingia chumba cha nyuma, akaweka kiganja ukutani kwa ndani. Chini, penye kivuli cha majani, alikituliza. Alikipandisha juu, akakiondoa haraka.

"Mama, umehangaika sana," alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali. "Chini pamepoa kweli. Lakini juu panachoma, na joto lenyewe ndiyo kwanza linaanza. Akipatwa na kitu nitajisameheje?"

"Huna kosa, mwanangu," Bi Pindo alijibu. "Mtoto mzuri ndivyo anavyofanya."

Akatoka nje ili asilie mbele yake. Alisimama mbele ya fremu. Chini kijani, juu waya mtupu. Aliitazama kwa jicho la fundi, kwa kuwa jicho lingine lilikuwa limejaa machozi, na jicho la fundi likaona gauni lililoishiwa kitambaa kifuani. Tangu lini gauni likiishiwa kitambaa linatupwa? Linaungwa.

"Wewe!" alimwita binti yake. "Vua viatu vyako vya ofisini, uje unishikie bitana."

Alikuwa na kitambaa cheupe cha bitana, jora zima, kilichobaki kwenye kazi ya makoti. Wakakitandaza chumba cha mbele kutoka mlango hadi mlango. Binti alishika upande mmoja kwa magoti kama alivyofanya utotoni, akatunga uzi kwenye sindano bila kuulizwa. Bi Pindo alikata kwa makadirio ya fremu, akashona ukingo mara mbili, akapiga vitanzi vya kutundikia juu na pembeni, vilegevu, ili upepo ukija upite badala ya kusukuma.

"Kumbe kitambaa kingetosha tangu mwanzo," binti alisema huku akikata nyuzi.

"Bila fremu ungekitundika wapi?" baba yake aliuliza kutoka kwenye kochi. "Kwenye pua yangu?"

"Na jua litakila," Bi Pindo aliongeza. "Msimu mmoja tu kitakuwa matambara. Mpesheni ukipanda utakipokea kazi."

Seremala alipanda ngazi kukitundika. Mzee Timazi alitazama kitambaa kikijaa hewa na kushuka, mbali na lipu kwa upana wa kiganja chake.

"Haya. Sasa mmeuvisha gauni la kulalia," alisema. "Majirani watadhani nyumba inaumwa."

Kesho yake mchana joto lilikuwa la kweli, lile linalofanya mbwa atafute kivuli cha nguzo ya umeme. Begi lilikuwa limeshapangwa, limesimama kando ya mlango. Waliafikiana kwamba baba ajilaze kidogo kwanza, kisha binti aondoke naye gari la jioni. Alilala kwa ubavu, uso ukielekea ukutani. Binti alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, saa mkononi. Bi Pindo alirudi chumba cha mbele, akakaa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali bila kukanyaga, asije akamwamsha. Wateja wawili waliochungulia aliwafukuza kwa mkono.

Mwanga wa chumba cha nyuma ulikuwa wa kijani chini na mweupe juu. Binti aliweka kiganja ukutani, akakiacha. Ulikuwa vuguvugu, basi. Alimsikiliza baba yake. Pumzi ilipanda, ikakaa, ikashuka bila kukwama, na jasho halikuwepo kwenye paji la uso. Alisubiri aone kama litakuja. Alisubiri sana, mpaka yeye mwenyewe akasinzia na kichwa kikaangukia godoro, na alipoamka gari la jioni lilikuwa limekwishaondoka na baba bado anakoroma.

Bi Pindo, kupitia mlango uliofunguliwa nusu, alimwona binti akiinuka kwa vidole vya miguu, akachukua begi, akalifungua juu ya meza. Alitoa mashati mawili ya baba yake. Akatoa sweta. Akavirudisha kabatini kimoja kimoja, akivinyoosha kwa kiganja.

Mlio wa kabati ndio uliomwamsha mzee.

"Gari letu saa ngapi?" aliuliza, sauti nzito ya usingizi.

"Langu ni kesho asubuhi," binti alisema. "La kwako nani kakwambia lipo?"

Mzee Timazi aliugeukia ukuta, akauwekea kiganja. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuharibu kitu, "Mama yako ameambiwa?"

Chumba cha mbele, Bi Pindo alikuwa ameshakanyaga pedali. Cherehani ilikimbia, sindano ikapanda na kushuka kwa kasi, na ilimchukua muda kugundua kwamba chini yake hakuna kitambaa.